Tangi la Haboba Linameza Jerikani Ngapi

Mastula mwanangu,

Karatasi hii usiifungue kabla basi halijaiacha Arua. Najua utaifungua hapa hapa Koboko, ukiwa bado unatafuta kiti, kwa sababu hujawahi kunitii hata siku moja, lakini mimi nimeshasema. Ni karatasi ya ndani ya mfuko wa simenti, ile safi. Usidhani nimekosa daftari. Daftari lipo. Simenti ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote, kwa hiyo nikiwa na neno zito naliandika juu ya simenti.

Jua bado liko kwenye bati. Wewe umekwenda kuaga majirani, na kwa jinsi ninavyowajua majirani wetu utakunywa chai nyumba saba kabla ya kurudi. Haboba, bibi yako, yuko jikoni anakaanga mandazi ya safari, anagombana na mafuta. Mimi nimekaa chini, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa tangi. Una joto la mchana kutwa, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Kila mara nafikiri unapumua.

Mambo ya nguo, ya sala, ya chakula cha bweni na ya wavulana wa Gulu, mama yangu amekwisha kukuambia tangu wiki iliyopita, na yaliyobaki atakuambia kesho ukiwa mguu mmoja umo ndani ya basi. Mimi siyagusi. Mimi nataka kukuandikia juu ya shimo.

Kwanza ukumbuke mjomba wako ni nani, maana huko chuoni watakuuliza umetoka kwa nani. Waambie umetoka kwa Rajabu fundi. Nyumba moja pale Arua niliipiga plasta ikawa laini mpaka mijusi wakawa wanateleza na kuanguka, na mwenye nyumba akaja kunilalamikia kwamba halali kwa vishindo. Kule Omugo nilichimba kisima, nikashuka, nikashuka, mpaka nikasikia watu chini yangu wanasalimiana kwa lugha nisiyoijua. Nikawaitikia kwa adabu, nikapanda juu, nikamwambia mwenye kisima maji yapo lakini yana wenyewe. Haya yote ni kweli. Mashahidi walihama tu.

Lakini shule, mwanangu, mimi niliishia darasa la tano. Hesabu tulikuwa tumefika kwenye urefu mara upana. Kina kilikuwa darasa la sita. Sikukikuta. Ukiangalia vizuri utaona ndivyo nilivyoishi: vitu virefu navijua, vipana navijua, na kina nakikadiria kwa jicho moja huku jingine linatafuta kivuli.

Ndiyo maana mambo ya Manibe yalinipata. Hujawahi kuyasikia yote kutoka kwangu. Umeyasikia kwa Onzima mchimbaji, na Onzima huongeza chumvi, wakati mimi, kama unavyojua, siongezi. Kulikuwa na mzee wa Manibe mwenye ng'ombe wengi. Akaniambia, fundi, nataka hori la kunyweshea, urefu mia moja na ishirini, upana arobaini, kina ishirini. Yeye alisema inchi. Mimi tepu yangu ilikuwa na pande mbili kama tepu zote, huku inchi, huku sentimita, na upande wa inchi ulikuwa umefutika kwa chokaa. Nikasoma namba pale zilipoonekana. Mia moja na ishirini, sawa. Arobaini, sawa. Ishirini, sawa. Nikajenga kwa simenti nzito, kingo za mviringo, kazi ya kupendeza. Siku ya kulijaza maji, ng'ombe wakaja, wakalitazama hori, wakanitazama mimi. Halafu wakaja bata. Bata wakaingia, wakafurahi sana. Yule mzee alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

Miaka yote nimekuwa nikisema hori lile lilipungua mara mbili na nusu, kwa sababu inchi moja ni sentimita mbili na nusu hivi. Ni wewe uliyenisahihisha mwaka jana, ukiwa unapeta mchele, hata hukuinua kichwa.

"Mjomba, urefu umepungua mara mbili na nusu?"

"Ndiyo."

"Na upana?"

"Vilevile."

"Na kina?"

Nikapuliza chai yangu.

"Basi zidisha mara tatu. Mbili na nusu mara mbili na nusu, mara mbili na nusu tena. Ni karibu kumi na sita. Yule mzee alitaka hori la jerikani karibu themanini. Wewe ulimpa hori ambalo hata jerikani tano halimezi."

Ukaendelea kupeta mchele. Mimi nilikaa pale na chai yangu mpaka ikaota ngozi. Kumi na sita! Kosa dogo lililokaa kwenye ukingo wa tepu lilikuwa limeingia kwenye hori kwa milango mitatu. Tangu siku hiyo nikiona bata nasikia kama wananihesabia.

Haya, shimo sasa.

Wewe ndiye maji ya nyumba hii tangu mama yako alipokwenda Juba akakuacha kwa Haboba. Jerikani nne kwa siku. Moja ya kupikia na kunywa, moja ya kuoga, moja ya vyombo na nguo, moja ya udhu na kuku. Pampu iko kule bondeni, na ule mpando wa kurudia unaujua kwa shingo yako. Masika bati lingesaidia, ila hatukuwa na pa kuyaweka maji yake. Kiangazi kikifika, ile miezi mitatu na nusu ya vumbi, ni shingo tu.

Ulipopata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi, Haboba alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka ukuta. Halafu nikamwona anatazama zile jerikani za manjano pale mlangoni. Halafu akautazama mguu wake wa kushoto, ule unaomsumbua. Wewe pia ulimwona. Jioni ile ile ukaniambia, "Mjomba, siendi. Wewe uko Arua wiki nzima. Nani atabeba?"

"Maji yatajibeba yenyewe," nikasema. "Nitachimba tangi. Bati litakusanya mvua, mvua itangoja chini ya ardhi, kiangazi Haboba atachota kwa kamba kama malkia."

"Atachota mpaka lini?"

"Mpaka mvua imkute bado anachota!"

Nilisema hivyo mbele ya watu, unakumbuka. Nikamleta Onzima kutoka Adumi, yule anayechimba makaburi na vyoo, mtu mwenye mikono kama majembe. Onzima hajui mita. Dunia yake ni futi, kwa sababu wafu na vyoo vyote vya West Nile vinapimwa kwa futi. Akachimba futi saba kwenda huku, saba kwenda huku, saba kwenda chini, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu.

"Mzee fundi, futi saba iko," akaita kutoka chini. "Mutu mrefu kabisa nalala hapa, hakuna kukunja miguu."

Haboba akamjibu kutoka kibarazani, "We Onzima, weka mdomo yako mbali. Hapa hatuziki mutu."

"Mama, mimi napima tu."

"Pima na maji."

Mimi nikasimama ukingoni. Kule Arua kuna duka la matangi meusi ya plastiki, na kuna moja limeandikwa lita elfu kumi. Nilikuwa nimelitazama wiki ile, nalo nalibeba kichwani. Nikalitazama shimo, nikalinganisha. Nikasema, "Hii ni lita elfu kumi." Wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Majirani walikuwepo. Wakasema, aah, fundi! Nikasema tena kwa sauti zaidi.

Kisha nikajenga. Mwanangu, nilijenga! Matofali ya kuchoma, mekundu, yanalia kengele ukiyagonga. Simenti sikuibania. Plasta nikapiga mara mbili, kwa sababu ni maji ya mama yangu. Sakafu nikaimwaga nene ili hata tetemeko likija liombe njia. Bomba la kutolea maji yakizidi nikalitoboa chini kidogo ya ukingo. Nilipomaliza nikasema hakuna tangi kama hili kutoka hapa mpaka Khartoum, na sijabadilisha maneno hayo.

Ndipo ukachukua tepu na ngazi ukashuka.

Nilikuwa juu nazungumza na Onzima. Nilikusikia unapima. Chini ya tangi tupu kila kitu kina mwangwi, tepu ikirudi inalia kama nyoka. Halafu sauti yako ikatoka chini, kubwa, si ya mtoto, kama ya mtu anayeita kutoka ndani ya ngoma.

"Mjomba. Ndani hakuna lita elfu kumi."

"Pima vizuri!"

"Nimepima. Mita moja na nukta nane huku. Moja na nukta nane huku. Kutoka sakafuni mpaka kwenye bomba, moja na nukta nane."

"Na shimo liko futi saba!" nikasema.

"Futi saba iko," Onzima akasema, kifua mbele. "Mimi shimo yangu hakuna makosa."

"Shimo la Onzima halina makosa," ukasema. "Futi saba ni mita mbili na sentimita kumi na tatu. Zidisha urefu, upana na kina, unapata karibu lita elfu tisa na mia saba. Hapo hata wewe umekaribia, Mjomba. Lakini maji hayatakaa kwenye shimo la Onzima. Yatakaa ndani ya ukuta wako."

Mungu wangu. Ukuta wangu! Tofali kila upande, plasta mara mbili kila upande, sakafu ya kuzuia tetemeko, na ile nafasi juu ya bomba ambayo maji hayafiki kamwe. Uzuri wangu wote ulikuwa umekaa ndani ya tangi na kunywa maji kabla hayajanyesha.

Sikukubali. Nilikuambia mita na lita ni ndugu wa mbali, hujui zinakutana wapi. Ukapanda ngazi, ukaenda jikoni, ukakata boksi la sabuni, ukalikunja likawa kisanduku: sentimita kumi, kumi, na kumi kwenda juu. Ukalivika mfuko wa nailoni. Ukachukua chupa ya soda ya lita moja iliyojaa maji, ukaniambia, "Mimina."

Nikamimina. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika ukingoni, yakasimama. Chupa tupu. Tone halikumwagika na tone halikupungua. Onzima akapiga mluzi.

"Hii ni lita moja," ukasema. "Panga visanduku kumi hivi kwenye mita moja ya urefu. Kumi kwenye upana. Kumi kwenda juu. Ni elfu. Mita moja kila upande ni lita elfu moja, ni jerikani hamsini. Sasa tangi: moja nukta nane mara moja nukta nane ni tatu nukta mbili nne. Mara moja nukta nane tena ni tano nukta nane, na kidogo. Lita elfu tano na mia nane na kidogo. Gawa kwa ishirini. Ni jerikani mia mbili tisini na moja."

Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Haboba anatumia mia na ishirini kwa mwezi. Litaisha kiangazi kikiwa kimebakiza zaidi ya mwezi mmoja. Vumbi likiwa bado limechachamaa."

Haboba alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nitaoga nusu," akasema. "Mimi nimekuwa mzee, nimepungua, hata maji ya kunizunguka yapungue."

"Haboba, usinichekeshe."

"Na kuku nitachinja."

"Siendi," ukasema. Ukayarudisha maji chupani, ukakikunja kile kisanduku cha sabuni, ukakiweka chini polepole kama kina yai ndani. "Mjomba, usinikasirikie. Kazi yako nzuri. Ila mimi siwezi kukaa Gulu nasoma kupima mashamba ya watu huku najua Haboba ameshika jerikani na mguu ule."

Nilikasirika, sikufichi. Niliondoka, nikaenda mpaka stendi, nikajisifu kwa vijana wa bodaboda kwa muda mrefu kabisa, na kila nilichosema walicheka, na kila walipocheka nilisikia mwangwi ule wa ndani ya tangi. Nikarudi. Nyinyi mlikuwa mnaswali laasiri. Nikashuka ngazi peke yangu, nikalala sakafuni, kwenye ile sakafu ya kuzuia tetemeko.

Jambo hili sijamwambia mtu. Ukilala ndani ya tangi tupu, mwanangu, mbingu inakuwa mraba. Mita moja na nukta nane kwa mita moja na nukta nane. Mawingu yanaingia upande mmoja, yanavuka polepole, yanatoka. Kunguru mmoja akapita, akawa mkubwa kuliko kunguru wote niliowahi kuwaona, kwa sababu alikuwa na mbingu ndogo. Nilisikia pumzi yangu inakwenda kugonga ukuta na kurudi kunitazama. Nikafikiri, hapa ndipo maji yatakapolala. Mimi nimejenga miaka yote, mtu akiniuliza kazi yangu namwonyesha ukuta, namgongea tofali asikie linavyolia. Hakuna aliyewahi kuishi ndani ya tofali. Watu wanakaa pale ambapo sikuweka kitu.

Nadhani nilisinzia. Kwa sababu nikaona jerikani zinakuja. Za manjano, zile zetu, na nyingine nyingi, zinapanda kilima kutoka kwenye pampu zenyewe, bila mtu, kwa mstari mmoja, zinaning'iniza vifuniko vyao kama hereni. Haziharakishi. Zinafika ukingoni mwa tangi, moja moja, zinainama kunitazama, zinamimina. Maji hayakunilowesha. Yalikuwa yanapanda pembeni yangu kama mwanga, na mimi nilikuwa nazihesabu, na nilijua, kama mtu anavyojua ndotoni, kwamba hizi ni zile ulizokwisha kuzibeba.

Nilipoamka nilitoa kalamu ya seremala mfukoni, nikaandika ukutani, kwenye plasta yangu mwenyewe. Jerikani nne kwa siku. Siku za mwaka. Ilitoka elfu moja na mia nne na sitini. Nikazidisha kwa lita ishirini: elfu ishirini na tisa na mia mbili. Nikagawa kwa elfu, kama ulivyonifundisha kwa boksi la sabuni: mita za ujazo ishirini na tisa. Nikakaa nayo ile namba. Ishirini na tisa ni kitu gani? Nikakumbuka chumba cha Haboba, ambacho nilikijenga mimi. Mita tatu kwa nne, na kwenda juu mbili na nukta nne. Tatu mara nne, kumi na mbili. Mara mbili na nukta nne, ishirini na nane nukta nane.

Mastula. Kila mwaka umebeba chumba cha Haboba, kimejaa maji kutoka sakafuni mpaka kwenye mbao za paa, ukakipandisha kilima kile juu ya kichwa. Kitanda kingeelea. Taa ingeelea. Mwaka mmoja chumba kimoja, na mwaka mwingine kingine, na mwingine, mpaka umejenga mtaa. Mimi ninayejisifu kwamba nimejenga nusu ya Arua, wewe umejenga mtaa mzima wa maji, na watu wameunywa, wameuoga, wameutia udhu, haupo tena, na hakuna aliyekupigia makofi.

Nilitaka kutoka nikuambie. Badala yake nikauliza kutoka chini, "Mastula! Haboba anahitaji ngapi kwa kiangazi chote?"

Ukachungulia. Kichwa chako kikakata kona ya mraba wangu. "Mia nne na ishirini."

"Nakuja juu mimi mwenyewe na jibu. Usinisaidie."

Nilikaa kule mpaka Haboba akadhani nimekufa. Jerikani mia nne na ishirini ni lita elfu nane na mia nne. Ni mita za ujazo nane nukta nne. Chini ya tangi, urefu mara upana, ile hesabu ya darasa la tano ninayoijua, ni tatu nukta mbili nne. Sasa kina. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaenda kukitafuta kina mwenyewe. Nane nukta nne gawa kwa tatu nukta mbili nne. Nikagawa mara tatu, kila mara nikipata kitu tofauti, mpaka mara ya nne na ya tano zikakubaliana: mbili nukta sita, kasoro kidogo. Maji yalikuwa na moja nukta nane. Yalitaka nukta nane nyingine. Sentimita themanini.

Nikapanda ngazi nikasema, "Tangi litaota. Sentimita themanini kwenda juu."

Wewe ukaandika kidogo kwenye kiganja chako. Ukatabasamu upande mmoja tu, ule wa mama yako. "Ukuta ukiongeza unene," ukasema, "uongeze kwa nje."

Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya wiki hii nzima, na wewe ulidhani naringa. Kule Arua nimewaambia watu wangoje. Nimepandisha matofali mawili mawili, unene wote uko nje, ndani pamebaki vilevile. Onzima amerudisha udongo wake wa futi saba, akaurundika kuzunguka ukuta mpya na kuushindilia ili maji yasiusukume. Bomba limehamia juu. Haboba amekuja mara nyingi kusimama pale na kuegemea. Ukuta unamfika kiunoni, anasema ni kama umejengwa kwa ajili ya viwiko vyake. Leo alimuuliza Onzima kama Mungu anajua futi au mita.

"Mungu najua mvua, mama," Onzima akajibu. "Kupima iko kazi yetu."

Na mvua nimeipima pia. Bati la nyumba ni mita nane kwa tano, arobaini. Mvua nzuri ya Koboko ikisimama kwenye sufuria inafika sentimita mbili. Ni bapa la maji, jembamba, lakini kubwa kama paa. Mita arobaini za mraba mara nukta sifuri mbili, kwa sababu sentimita lazima zigeuke mita kwanza, bata wananikumbusha, ni nukta nane. Lita mia nane. Mvua kumi na moja kama hizo na tangi linatapika kwenye bomba. Kabla ya vumbi zitanyesha zaidi ya hizo. Sasa nikisikia mvua kwenye bati sisikii kelele tena. Nasikia paa limelala juu ya paa.

Mwanangu, sina mawaidha mengine. Nilitaka kukuandikia kitu kuhusu dunia, nikaona dunia nimeikadiria kwa jicho na mara nyingi nimekosea. Tangi hili nimelipima. Jioni hii, kabla ya kukaa kuandika, nilishuka tena na tepu mpya, ile yenye pande zote mbili safi. Nimepima pande zote nne ndani ya plasta, chini, katikati na juu. Moja nukta nane. Moja nukta nane. Kutoka sakafuni mpaka kwenye mdomo wa bomba, mbili nukta sita. Nimezidisha: nane nukta nne mbili nne. Lita elfu nane mia nne ishirini na nne. Jerikani mia nne na ishirini na moja, na lita nne juu.

Usiku huu utaniuliza, na mimi nitakuambia tu kwamba linatosha, kwa sauti yangu ile ya kawaida, na wewe utanitazama kama unavyonitazama. Kwa hiyo namba zote nimekuwekea hapa, hakuna niliyoificha. Kesho ukikaa, chukua kalamu, uifanye hesabu upya. Ikitoka kama yangu, mpigie Haboba simu, umwambie aoge vizuri. Ikitoka tofauti, hata kama basi limefika Pakwach na daraja unaliona, usishuke. Vuka. Halafu nipigie mimi, uniambie zimepungua jerikani ngapi, na hizo nitazibeba mimi mwenyewe, kichwani, mchana kweupe, watu wote wa Koboko wakiona.

Mjomba wako,
Rajabu fundi